Kabla ya kuhamia ligi mpya, tuulize tutatokaje

Mhariri,

Gemu kubwa za kompyuta zina wenyewe. Makampuni yanazigombania, wafadhili wanazifuata, na ligi moja ikifa leo kesho inazaliwa nyingine. Barua hii inahusu gemu ndogo, zile zenye timu 10 au 30 tu kwa jumla, ambazo watengenezaji wake walishahamia kazi nyingine na zinaendelea kuishi kwa sababu wapo watu waliokataa kuziacha. Ligi ya gemu ya namna hiyo inapofungwa, au inapowachosha wachezaji hadi wakataka kuhama, mjadala huwaka siku mbili tatu na hoja huwa zilezile: zawadi ni kiasi gani, tovuti yao inapendeza kiasi gani, mechi zitarushwa moja kwa moja au hapana. Kisha kura hupigwa haraka haraka. Swali ambalo halijitokezi mpaka mambo yameshaharibika ni hili: siku tutakapotaka kuondoka, au wao watakapotuondoa, tutatoka na nini mkononi?

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nieleze kwa nini swali hilo litangulie mengine yote, na jinsi ya kuipima ligi kabla ya kuikabidhi jamii nzima ya wachezaji.

Desemba 2018 kampuni ya Blizzard ilitangaza kwamba HGC, ligi rasmi ya gemu yake ya Heroes of the Storm, haitarudi 2019. Hapakuwa na msimu wa kuagana. Watu waliokuwa wakiishi kwa mshahara wa ligi ile walijikuta hawana kazi, na mashindano yenye ratiba na divisheni yakabaki mikononi mwa ligi za kujitolea kama Heroes Lounge na Nexus Gaming Series. Linganisha na gemu ya Team Fortress 2, iliyotoka 2007. Mtindo wake wa ligi, sita kwa sita, ulitungwa na wachezaji: Medic (mpiganaji anayeponya wenzake) mmoja tu kwa timu, Demoman (wa mabomu) mmoja tu, baadhi ya silaha marufuku, ramani zinakubaliwa kabla ya msimu. Ulaya inachezwa kwenye ligi ya ETF2L, Australia ozfortress, na Amerika Kaskazini ligi ya daraja la juu lilikuwa ESEA kabla ya kwenda RGL. Julai 2016 Valve, wenye gemu, walileta mfumo wao wa mechi za ushindani usio na ukomo wa aina za wapiganaji wala silaha zilizozuiwa. Wachezaji wa ligi waliujaribu, kisha wengi wakaendelea na ligi zao. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa kanuni zilikuwa zao. Ligi ilipokoma, kanuni zilihama pamoja na watu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kudai ni kwamba kitabu cha kanuni za mchezo kibaki mali ya jamii. Kitengwe na kanuni za uendeshaji za ligi. Kanuni za mchezo ni ramani, idadi ya wachezaji, mipangilio ya seva (kompyuta inayoendesha mechi), vitu vilivyozuiwa, jinsi mshindi anavyopatikana. Kanuni za uendeshaji ni usajili, ada, ratiba, adhabu. Hizi mbili zikichanganywa kwenye waraka mmoja wenye nembo ya ligi, siku ya kuondoka kila mtu anaanza kuandika upya kwa kukumbuka, na kila nahodha anakumbuka ile kanuni inayomfaa yeye. Faili la mipangilio ya seva nalo liwekwe mahali pa wazi, likiwa na namba ya toleo na tarehe, ili mtu yeyote aweze kuwasha seva ileile kesho yake.

Cha pili ni kumbukumbu za mechi. Ligi nyingi zitakwambia matokeo yote yako kwenye tovuti yetu, yatazameni. Kutazama hakutoshi. Dai nakala kamili kila mwisho wa msimu, katika jedwali la kawaida linalofunguka kwenye programu yoyote, ambapo kila mechi ina tarehe na saa, ramani, timu mbili, alama za kila raundi, na namba ya akaunti ya kila mchezaji aliyeingia seva. Nasisitiza namba kwa sababu majina hayana maana yoyote katika gemu. Mchezaji wa Steam, jukwaa la gemu la mtandaoni, anaweza kubadili jina mara tatu kwa usiku mmoja, lakini namba yake yenye tarakimu 17, inayoanza na 7656, haibadiliki. Jedwali lenye majina matupu halikusaidii kupanga divisheni msimu unaofuata. Baya zaidi, aliyefungiwa kwa udanganyifu anarudi kwenye ligi mpya kwa jina jipya na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ni yeye.

Mwenye jedwali lenye namba anaweza kukokotoa viwango vya wachezaji wote upya ndani ya jioni moja. Mfumo wa Elo wa kupima nguvu ya mchezaji kwa pointi, ambao FIDE, shirikisho la chesi la dunia, iliuchukua 1970, unahitaji mfuatano wa matokeo tu: pengo la pointi 200 linamaanisha mwenye nguvu anatarajiwa kupata kama asilimia 76 ya pointi, pengo la 400 ni kama asilimia 91. Kwa gemu ndogo naupendelea zaidi Glicko, alioutunga Mark Glickman, kwa sababu unaweka pia kipimo cha shaka juu ya kiwango cha kila mtu. Aliyekaa nje msimu mzima shaka yake inaongezeka, na mechi zake za kwanza akirudi zinamsogeza upesi hadi mahali pake. Kwetu watu huingia na kutoka kila wakati, hivyo jambo hili si dogo. Ligi inayokataa kutoa jedwali, au inayosema mtalipata kwa maombi maalumu, imeshakuonyesha jinsi mtakavyoachana.

Sasa mfumo wa mashindano. Hapa ndipo ligi kubwa zinazoikaribisha gemu ndogo zinapokosea zaidi, kwa sababu zinaleta mfumo uliotengenezwa kwa mamia ya timu.

Timu 8 zikicheza kila moja na kila nyingine ni mechi 28 kwa wiki 7. Hiyo ni divisheni nzuri sana. Timu 12 ni mechi 66 kwa wiki 11, na hapo ndipo timu huanza kuanguka, kwa kuwa wiki 11 zinagusa mitihani ya mtu, likizo ya mwingine na zamu za kazi za wa tatu. Ukiwa na timu 16 zenye uwezo unaotofautiana sana, mfumo wa Uswisi unafaa zaidi: raundi 4 zinatosha kumpata mmoja asiyepoteza, 32 zinahitaji 5, na hakuna anayetolewa. Kila wiki unapangiwa mwenye pointi kama zako. Timu dhaifu ikipigwa wiki ya kwanza, wiki ya pili inakutana na iliyopigwa kama yenyewe. Idadi ikiwa witiri, timu moja inapumzika na kupewa ushindi, na kanuni iseme wazi kwamba hakuna timu itakayopumzika mara mbili. Zikilingana pointi, hesabu jumla ya pointi za wapinzani waliokutana nao, ile waitayo Buchholz kwenye chesi. Tofauti ya mabao au raundi isiwe kigezo cha kwanza, maana inazilipa timu kwa kuwakandamiza wageni bila huruma.

Mtoano wa kupoteza mara mbili unapendwa kwa sababu fainali yake inapendeza kutangazwa. Lakini hesabu kinachowapata wengine. Katika timu 16, nne zinatoka zikiwa zimecheza mechi 2 tu, na nyingine nne zinatoka baada ya mechi 3. Nusu ya ligi imekwenda nyumbani kabla ya mashindano kunoga. Katika gemu yenye mamia ya timu, hao watatafuta kombe jingine wikendi ijayo. Katika gemu yetu kombe jingine halipo, na timu isiyo na mechi wiki tatu mfululizo haifanyi mazoezi. Ikiacha mazoezi haijisajili tena. Mtoano ubaki kwa timu 4 za juu mwishoni mwa msimu, au 6 ikiwa mbili za kwanza zitasubiri nusu fainali.

Ligi ikija na pendekezo la mfumo, iulizwe jambo moja zaidi: timu ikijitoa katikati ya msimu, matokeo yake yanafanywaje? Kanuni inayofaa ni ile inayojulikana kwenye chesi. Kama timu haijacheza nusu ya mechi zake, matokeo yake yote yanafutwa kwenye msimamo. Kama imefika nusu au kupita, yanabaki, na zilizosalia zinahesabiwa ushindi wa mezani kwa wapinzani. Bila kanuni hiyo kuandikwa mapema, msimamizi ataamua baada ya tukio, na uamuzi wowote atakaoutoa utakuwa umempa mtu ubingwa au kumshusha mtu daraja. Sijaona ugomvi unaovunja jamii ndogo upesi kuliko huo. Na alama za ushindi wa mezani ziwe maalumu, kwa mfano raundi 3 kwa 0, ziingie kwenye pointi lakini zisiingie kwenye tofauti ya raundi.

Ratiba. Ligi iwe na siku na saa ya kawaida kwa kila wiki, ambayo mechi itachezwa kama manahodha hawakukubaliana vingine. Ligi inayosema "panganeni wenyewe kabla ya Jumapili" huishia na mechi tano usiku wa Jumapili na mbili zisizochezwa. Kuahirisha kukubaliwe kwa maandishi na manahodha wote wawili saa 48 kabla, na mechi iliyoahirishwa ipewe tarehe mpya hapohapo, isiachwe kuning'inia. Muda wa kusubiri timu iliyochelewa uwe dakika 15, kisha iruhusiwe kuanza na pungufu ya mchezaji mmoja kama gemu inaruhusu. Saa zote ziandikwe kwa UTC, saa moja ya dunia nzima isiyosogezwa. Marekani inasogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na nchi za Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi. Mwishoni mwa mwaka Ulaya inarudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katika wiki hizo za katikati, ligi iliyoandika saa za mahali inapoteza mechi kila mwaka kwa timu kukosana kwa saa nzima, kila moja ikiamini iko sahihi.

Wachezaji wa kuazima wapewe kanuni yao. Tukiwakataza kabisa, timu ndogo zitakosa watu na kupoteza mezani. Tukiwaachia, timu ya divisheni ya tatu itamleta bingwa wa divisheni ya juu usiku wa mechi kubwa, na hapo malalamiko ya mamluki hayaishi. Njia ya katikati inafahamika: anayeazimwa atoke divisheni hiyohiyo au ya chini yake, nahodha wa upande wa pili akubali kwa maandishi kabla ya mechi kuanza, asiazimwe zaidi ya mmoja kwa mechi, na kwenye mtoano wa mwisho asiwepo kabisa. Dirisha la usajili lifungwe wiki mbili kabla ya msimu wa kawaida kuisha.

Kuhusu seva, wachezaji wengi huuliza ziko wapi na kuishia hapo. Waulize zaidi. Mwanga ndani ya nyaya za mtandao husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa kilomita 6,000 hauwezi kwenda na kurudi chini ya milisekunde 60 hata ukiwa na mtandao bora kuliko wote, na kwa kuwa nyaya hazipiti njia iliyonyooka, utapata zaidi. Seva ya Team Fortress 2 husasisha hali ya mchezo karibu mara 67 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 15. Milisekunde 60 ni hatua nne nzima ambazo mpinzani aliye karibu na seva ameshaziona. Kwenye gemu za kupigana zinazokwenda picha 60 kwa sekunde, ni picha tatu na nusu hivi, na mapigo mengi huamuliwa na picha mbili.

Kanuni ya haki kati ya timu za mabara mawili ni kuchagua seva ambako tofauti ya kuchelewa kati ya timu ni ndogo kuliko kwingine, hata kama kila upande utapata kidogo zaidi ya ulivyozoea. Milisekunde 70 kwa 80 ni mechi. Milisekunde 15 kwa 130 ni malalamiko. Kila seva inayopendekezwa ipimwe kwa dakika 10 katika saa zilezile za mechi, usiku watu wengi wakiwa mtandaoni, na usiangalie wastani peke yake. Angalia kilele na vifurushi vya data vinavyopotea njiani. Seva yenye wastani wa 40 inayoruka hadi 150 kila baada ya muda ni mbaya kuliko yenye 75 iliyotulia, kwa kuwa mchezaji anaweza kuzoea kuchelewa lakini hawezi kuzoea kuyumba. Ikiwa gemu yenu ni ya mmoja kwa mmoja na ina mifumo miwili ya kucheza mtandaoni, ligi itaje inatumia upi. Jamii ya Super Smash Bros. Melee, gemu ya 2001, iliweza kucheza mtandaoni kwa kiwango cha mashindano pale programu ya Slippi ilipoleta 2020 mfumo unaokisia hatua ya mpinzani na kurudi nyuma kusahihisha inapokosea, badala ya kumchelewesha kila mtu.

Mfano huo huo una upande wa pili. Novemba 2020 mashindano ya The Big House Online ya Melee yalifutwa baada ya Nintendo, wenye gemu hiyo, kudai yasitishwe, na sababu iliyotajwa ilikuwa matumizi ya Slippi. Oktoba 2023 Nintendo ilitoa miongozo ya mashindano ya jamii yasiyo na leseni, ikiweka ukomo wa washiriki 200 kwa mashindano ya ana kwa ana na 300 kwa ya mtandaoni. Ligi mnayoifikiria lazima iwe imesoma masharti ya mwenye gemu kuhusu ada, zawadi, wafadhili na programu za nyongeza, na iwaonyeshe mahali ilipoyasoma. Wakijibu kwamba hakuna anayejali gemu ya zamani, muwaoneshe mfano wa Melee.

Niende kwenye programu za kuzuia udanganyifu, kwa sababu zinawavutia wengi na zina gharama isiyoonekana. Programu inayokaa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta ina uwezo wa kuona na kufanya karibu kila kitu humo. Aprili 2013 iligundulika kwamba programu ya ESEA ilikuwa ikitumia kompyuta za wateja kuchimba bitcoin bila wao kujua. Mamlaka za jimbo la New Jersey, Marekani, zilitaja kompyuta kama 14,000, na mwaka huohuo yakafikiwa makubaliano ya dola milioni 1. Mwishoni mwa 2016 ligi hiyohiyo ilidukuliwa, na taarifa za akaunti kama milioni 1.5 zikavuja. Siyataji haya ili kusema programu hizo zisitumike kamwe. Nasema jamii ya watu 200 ijiulize kama tishio lake linastahili bei hiyo, hasa kwa kuwa programu nyingi za aina hii hazifanyi kazi kwenye kompyuta za mfumo wa Linux, na kumpoteza mchezaji mmoja kati ya kumi ni pigo kwetu.

Kwa gemu ndogo, ulinzi unaofaa zaidi ni rekodi na macho. Kila mchezaji arekodi mechi yake kwa mtazamo wake na kuitunza hadi siku 14 baada ya mechi. Seva irekodi yake. Matangazo ya moja kwa moja yacheleweshwe angalau sekunde 90 ili mtu asimtazame mpinzani wake huku anacheza. Akitiliwa shaka mtu, aombwe rekodi ya mechi na raundi iliyotajwa, aitoe ndani ya saa 24. Kushindwa kutoa rekodi kuwe na adhabu yake iliyoandikwa, ndogo kuliko ya udanganyifu. Ligi isiyotofautisha hizo mbili huishia kumfungia miaka miwili mtu ambaye diski yake ilijaa. Watazame watu watatu wasio wa divisheni hiyo, kila mmoja aandike maoni yake kabla ya kusoma ya wenzake, na walitaje tukio kwa dakika na sekunde. Rufaa isikilizwe na watu wengine kabisa. Nimeshangazwa mara nyingi na ligi zenye mitambo ya kisasa ambazo rufaa yako inarudi kwa msimamizi yuleyule aliyekufungia.

Wasimamizi wenyewe nao wahesabiwe. Msimamizi mmoja anaweza kuhudumia timu 8 hadi 10 bila kuchoka, kama ratiba ni ya kudumu na fomu za matokeo zinajazwa na manahodha. Timu 24 chini ya mtu mmoja ni ligi inayosubiri mtu huyo apate mtoto au kazi mpya. Na kwa kuwa katika gemu ndogo wasimamizi karibu wote ni wachezaji, haina maana kutaka wasio na upande wowote. Kinachowezekana ni kila msimamizi kutokugusa mashauri ya divisheni anayocheza. Uliza pia nani ana nywila za tovuti, za seva na za akaunti ya fedha. Jibu likiwa mtu mmoja, sharti la kwanza la kuhamia kwao liwe kumpata wa pili.

Fedha nitazigusa kwa kifupi. Ada ilipie seva kwanza, hesabu ionyeshwe kila mwisho wa msimu, na kiasi kilichotengwa kwa zawadi kijulikane kabla ya usajili kufungwa. Zawadi ilipwe ndani ya siku 30 baada ya fainali. Zawadi ikienda yote kwa bingwa wa divisheni ya juu, timu zote za chini zinamchangia mtu ambaye hawatakutana naye kamwe. Ada ya kila divisheni ibaki ndani ya divisheni hiyo.

Kabla ya kura, ligi inayopendekezwa ipewe kombe la majaribio: timu 8, wikendi mbili. Lakini lisiwe la kufurahia tu, liwe la kuipima. Timu moja iombe kuahirisha mechi saa 50 kabla. Nyingine iwasilishe pingamizi dogo la kweli. Mtu akate rufaa. Mtu aombe jedwali la matokeo mwishoni. Andika ilichukua muda gani kwa kila ombi kujibiwa na nani alijibu. Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko ahadi zote walizotoa, na manahodha wausome kabla ya kupiga kura.

Kura iwe moja kwa kila timu iliyomaliza msimu uliopita, ili timu zisizaliwe usiku wa kuamkia kura. Ipite kwa theluthi mbili. Walio wachache wakubali, na walio wengi wawaahidi kwamba mkataba na ligi mpya ni wa msimu mmoja. Naomba hili lieleweke kwa hesabu. Timu 24 mahali pamoja ni divisheni tatu za timu 8, kila mmoja akicheza na wa kiwango chake. Zikigawanyika 16 kwa 8, wale 8 watakuwa na bingwa na mgeni kwenye divisheni moja. Bingwa atashinda 5 kwa 0 wiki baada ya wiki na kuchoka, mgeni atafungwa 5 kwa 0 na kuacha, na wale 16 nao watakuwa wamepoteza wapinzani wao wa miaka yote. Ligi mbili zinazogombea gemu yenye timu 24 hazishindani, zinaimaliza.

Nimeliacha nyuma jambo ninalolijali kuliko yote, divisheni ya wageni, kwa sababu ligi mpya huliacha nyuma pia. Gemu ya zamani hupoteza wachezaji kila mwaka kwa ndoa, kazi na uchovu, na mlango pekee wa kuingilia ni huo. Divisheni hiyo isitozwe ada. Mechi zake ziwe fupi, ramani mbili tu zinazojulikana badala ya orodha nzima, na ramani ya wiki itangazwe siku saba kabla ili watu waifanyie mazoezi. Timu iruhusiwe mchezaji mmoja mzoefu, si zaidi, tena asicheze nafasi yake ya kawaida: kazi yake ni kupanga na kuelekeza. Mechi ikiisha, mtu wa divisheni ya juu akae na timu iliyofungwa nusu saa, wafungue rekodi, wasimamishe kwenye raundi mbili walizopoteza na kuonyeshwa walikosa nini. Timu zilizofanyiwa hivyo wiki tatu huwa zinarudi msimu wa pili. Kwa hiyo ligi yoyote inayotaka gemu yetu itwambie, pamoja na kiasi cha zawadi, nani ataisimamia divisheni ya wageni na ni usiku gani wa wiki atakuwepo.

Msomaji wenu,
Mratibu wa kujitolea wa ligi za gemu